Mtandao wa forodha upimwe, usisingiziwe

Kila anayevusha mzigo analijua jibu hili: “Mtandao uko chini, subirini.” Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye kituo kimoja cha mpakani nikalisikia saa nne asubuhi, na saa nane mchana nikalisikia tena. Mama mmoja mwenye Fuso ya nyanya alikuwa ameshalipa, na ujumbe wa benki ulikuwa kwenye simu yake, lakini kwenye kompyuta ya ofisa malipo hayakuonekana. Kijana wake wa kupakia mizigo alikuwa amejilaza kivulini anatazama marudio ya mpira kwenye simu, picha haikatiki hata mara moja. Mama akamgeukia ofisa: “Sasa mwanangu, kama mtandao uko chini, huyu anatazamaje mpira?”

Ofisa hakuwa na jibu, na simlaumu. Simu ya kijana ilitumia mnara wa kampuni ya simu, kituo kina laini yake, kwa hiyo mpira peke yake hauthibitishi kitu. Ila kwa wakala wa forodha wa jirani niliona jambo jingine. Ukurasa wa mfumo ulifunguka vizuri, nywila ikakubaliwa. Alipopandisha ankara ya kurasa nne tu, kiduara kikaanza kuzunguka na hakikuacha. Huo si mtandao ulio chini. Huo ni mtandao mgonjwa, na ugonjwa wake hupimika.

Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, mzigo unaokwenda nchi jirani hulipiwa kodi kule unakokwenda, ndipo bandari au mpaka wa kwanza uuachie. Maana yake ruhusa yako ni mazungumzo ya kompyuta. Uganda na Rwanda zinatumia ASYCUDA iliyotengenezwa na UNCTAD, Kenya na Tanzania zina mifumo yao, na katikati kuna benki na taasisi za viwango na afya ya mimea. Mmoja akichelewa kujibu, lori linasimama.

Na siku hizi kompyuta hizo mara nyingi si masanduku yanayojitegemea. Mashine moja kubwa hugawanywa kwa programu ziwe nyingi ndogo, kila moja ikijiona iko peke yake. Wataalamu huziita mashine pepe. Ni kama ghala moja lenye wapangaji sita na mlango mmoja. Mpangaji mmoja akishusha kontena zima asubuhi, wewe mwenye gunia mbili unasubiri, ingawa barabara ya kufika ghalani ni nyeupe. Kuongeza barabara hakutakusaidia.

Hapa ndipo ninapokosana na wakubwa wetu, ambao kila malalamiko yakizidi dawa yao ni kununua intaneti kubwa zaidi. Chukua hesabu hii. Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenye njia ya kilomita 1,500, swali kwenda na jibu kurudi ni milisekunde 15 hivi. Lakini kama mawasiliano ya nchi mbili zinazopakana yanazungukia Ulaya, safari hiyo huzidi milisekunde 200. Sasa fomu moja ikihitaji maswali 300 kati ya mashine na mashine, moja baada ya jingine, njia fupi itamaliza kwa sekunde 4 na nusu; njia ndefu itachukua dakika nzima. Nunua laini ya megabiti 100, dakika ile ile. Tena mashine iliyoachwa na mpangilio wa zamani, ya kutuma kilobaiti 64 kisha kungoja jibu, kwenye njia hiyo ndefu haitafika hata megabiti 3 kwa sekunde. Hizo 97 nyingine tunazilipia bure.

Ile ankara ya wakala inanikumbusha ugonjwa mwingine. Data husafiri katika vifurushi, na kwa kawaida kifurushi hakizidi baiti 1,500. Mashine pepe mara nyingi hukifunga ndani ya bahasha nyingine inayoongeza baiti 50 hivi. Njia isiyokubali zaidi ya 1,500 inakitupa, na kama ukuta wa usalama unazuia taarifa ya kukataliwa, mtumaji hajui kitu. Anatuma tena na tena. Nywila ni fupi, inapita. Ankara ni ndefu, inakwama. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea siku ile, ila dalili ni hizo hizo, na dawa yake ni kubadilisha namba moja kwenye mpangilio. Haihitaji zabuni. Labda ndiyo maana haipendwi.

Kupima si kazi ngumu. Kuna programu za bure kama iperf3: mashine moja inasikiliza, nyingine inamimina data, unaona kasi halisi kati ya hizo mbili. Ila ipimwe saa tano asubuhi wakati malori yamejaa, si saa nne usiku fundi akiwa peke yake. Na tusiletewe wastani tu. Mwenye nyanya anaumizwa na ule muda mbaya kuliko yote.

Zipo siku ambazo mtandao kweli hakuna. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na ukanda mzima ukayumba. Siku kama hiyo hatugombani na mtu. Ninachotaka ni mamlaka za mapato za nchi zetu zipime mawasiliano kati ya mifumo yao mchana kutwa, na matokeo yabandikwe pale dirishani kituoni, yasomwe na yeyote. Kipimo kikionyesha kosa ni la mfumo, maegesho ya siku hiyo yasitozwe. Sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha inaweza kulianzisha hili hata kwa vituo viwili vya majaribio.

Mama wa nyanya alivuka saa moja kasoro usiku, kreti za chini zimeshaanza kuvuja. Nyuma ya risiti alikuwa ameandika kwa kalamu: saa nne na robo, saa nane, saa moja kasoro. Nilimwomba niipige picha. Kwa kituo kile, mpaka leo ndicho kipimo pekee nilichonacho.