Barafu Kwenye Beseni: Dawa ya Miguu, Si Ruhusa ya Kujitesa



Siku hizi penye dada wanaokimbia hapakosi mazungumzo ya barafu. Ukimaliza kilomita 15 au 21 unaambiwa ukajiloweke kwenye maji baridi, kesho utaamka mzima. Mabibi harusi watarajiwa ndio wako mbele: harusi imebaki miezi miwili, mbio kila siku, barafu kila jioni. Sisi tunasema barafu ina faida yake, lakini wengi wetu tunaitumia vibaya.

Tuanze na faida. Baridi hubana mishipa ya damu na kutuliza maumivu, ndiyo maana siku ya pili miguu haikazi sana. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2012 yalionyesha hivyo. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:15:25 mwaka 2003, naye alijulikana kwa kujiloweka kwenye barafu.

Yanatosha maji ya nyuzijoto 10 hadi 15, mpaka kiunoni, kwa dakika 10 hivi. Bahari yetu haifiki huko, hata wakati wa kipupwe ni karibu nyuzi 25. Basi hakuna haja ya kwenda kujianika ufukweni mbele za watu. Nunua barafu za mifuko kwa jirani, weka beseni kubwa au pipa uani, jifunge kanga, funga mlango. Stara ipo na gharama ni ndogo. Ukimaliza, maji yamwagilie mchicha, maana israfu haifai.

Tatizo liko hapa: baridi hupunguza maumivu, hairudishi nguvu zilizotumika. Anayekimbia kila siku, akala kidogo ili aenee kwenye gauni, kisha akazima maumivu kwa barafu, anajificha mwenyewe jeraha lake. Mfupa wa mguu unaweza kuingia ufa kidogo kidogo bila yeye kujua, na siku ya harusi akapanda jukwaani anachechemea. Mwili unarudi kwa usingizi, chakula cha kutosha na siku za mapumziko. Ukiona huwezi kulala bila barafu, punguza mbio. Barafu tuiweke kwa siku ya mbio ndefu au ya mashindano.

Na bibi zetu wanaotukataza maji baridi tusiwacheke. Mwenye selimundu anaweza kuamshiwa maumivu makali na baridi. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito amuulize daktari kwanza. Na hata aliye mzima asiingie kwenye maji hayo akiwa peke yake nyumbani.

Kukimbia si uzungu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.). Na ni yeye aliyetufundisha kuwa mwili una haki juu yetu. Haki hiyo ni kuulisha, kuupumzisha na kuusikiliza unapolalamika, na bi harusi hakusamehewa haki hiyo kwa sababu tarehe imekaribia.

Gauni likikubana, fundi yupo. Miguu hiyo utaihitaji baada ya fungate, inshaallah.