Ulinzi wa Mtandao ni Mtaji, Si Hasara

Benki inapopunguza matumizi, fungu la ulinzi wa mtandao huwa jepesi kukatwa. Programu mpya ya simu huleta wateja, wakala mpya huleta amana; ulinzi ukifanya kazi yake sawasawa, hakuna kinachoonekana. Ndiyo maana wakubwa huuona kuwa gharama isiyozaa. Nasema wamekosea hesabu.

Tutazame yaliyoipata Benki Kuu ya Bangladesh mnamo Februari 2016. Wezi waliingia katika mfumo wake na kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Manila na kupotelea katika kasino. Milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka ziliokolewa na bahati: wezi walikosea herufi katika jina la mpokeaji. Baadaye mpelelezi wa polisi aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba mtandao wa benki haukuwa na kinga ya kuzuia wavamizi, na kwamba ulitumia vifaa vya mitumba vya dola 10. Gavana alijiuzulu, na hadi mwaka ule unaisha zilikuwa zimerudi dola milioni 15 tu au karibu na hapo. Rahisi ni ghali.

Wapo watakaojibu kuwa fedha za ulinzi zingefaa zaidi kubuni huduma mpya. Lakini ubunifu husimama juu ya nini? M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mtu alikubali kutuma fedha kwa simu kwa sababu aliamini kuwa asiyejua namba yake ya siri hawezi kuzigusa. Imani hiyo ikivunjika, wateja hutoa amana zao, ada hupungua, na huduma nzuri kuliko zote hubaki bila watumiaji. Faida huenda nayo.

Hata hivyo, kununua mitambo peke yake hakutoshi. Kule Bangladesh mashine ya kuchapa taarifa za miamala ilinyamaza, wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Uganda nako, Oktoba 2020, wavamizi walipitia kampuni ya kati inayounganisha benki na mitandao ya simu, na huduma za kuhamisha fedha baina yao zikasimamishwa. Basi fungu la ulinzi liwafundishe watu, na likague washirika pia.

Enyi wajumbe wa bodi za mabenki, msiidhinishe huduma yoyote mpya ambayo bajeti yake haina fungu la kuilinda. Na nanyi wakaguzi, liulizeni fungu hilo kabla ya kuuliza faida. Fedha mnazozichezea kamari ni za mkulima, za mama muuza samaki na za mstaafu, na hao hawakuwatuma mkabahatishe.