Fumanizi la Kunduchi: Mzee wa matope si buzi!

Wiki hii nina kisa kilichonitoa jasho na kuniharibia viatu, na viatu vyenyewe deni lake sijamaliza kulipa.

Kisa kinamhusu mshikaji wangu mmoja, fundi simu pale Kariakoo. Majina yote nayabania, maana gazeti hili linasomwa mpaka ukweni. Jamaa ana mchumba, binti katulia, kasoma chuo kikuu na sasa anachukua digrii ya pili. Posa ilishapelekwa, nusu ya mahari imetoka. Mambo yalikuwa shwari mpaka kijiwe cha mtaani kilipoanza kulonga.

Kijiwe kikasema, huyu binti mbona hana ratiba? Leo kaondoka alfajiri, keshokutwa anaondoka saa tatu, wiki nyingine yuko nyumbani tu. Ofisi gani hiyo? Na mbona anarudishwa na mzee mwenye mvi, ndani ya pikapu? Na yale matope mpaka mapajani? Mama mmoja muuza maandazi, ambaye macho yake ni darubini, akamaliza kazi: "Huyo anachuna buzi. Na buzi lenyewe linampeleka ufukweni!"

Jamaa akanijia macho mekundu. "Mshikaji, twende tukafumanie." Mimi tena, nikisikia neno fumanizi usingizi unakata.

Jumamosi hiyo tukapanda daladala mpaka Kunduchi, tukakata mguu kuelekea kwenye mikoko, kule karibu na mashamba ya chumvi. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukajibanza nyuma ya mtumbwi mbovu. Kweli bwana, binti tukamwona. Na mzee tukamwona, matope yamemfika magotini.

Ila hawakuwa peke yao. Kulikuwa na vijana wengine wawili, mmoja kashika kamba, mwingine anaandika kwenye daftari. Na binti alikuwa amekumbatia mti! Anauzungushia futi ile ya fundi cherehani, huku mzee anafoka: "Huo ni mkoko, mwanangu, mizizi yake imesimama kama stuli. Usipime kwenye mizizi, panda juu yake!"

Jamaa uzalendo ukamshinda, akachomoka mbio. Hatua ya tatu tope likameza kiatu, ya nne akakaa chini. Fumanizi likaishia hapo. Mzee akageuka. "Karibuni vijana, mmekuja kusaidia?" Jamaa, aliyekuwa kajiandaa kutukana tangu Kariakoo, akasikika anasema, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Shika hapa." Akakabidhiwa ncha ya kamba. Na mimi nyingine. Tulishika kamba saa mbili nzima, tukizungushia vipande vya mita 10 kwa 10, miti yote ya ndani inahesabiwa na kupimwa unene.

Mzee kumbe ni profesa, ndiye anayemsimamia binti katika utafiti wake. Na ile ratiba iliyowakera kijiwe bosi wake ni mwezi. Maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku, hivyo wakiingia kwenye mikoko leo saa mbili, kesho ni karibu saa tatu. Maji yakijaa, hakuna kazi.

Mimi mwisho wangu fomu foo, na baiolojia tuliachana kwa ubaya. Lakini siku ile nilielewa kuliko miaka yote minne. Nilidhani mikoko ni mti mmoja, kumbe kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na wengine, na kila mmoja una mahali pake. Mlilana unapenda kukaa mbele kabisa, unapigwa na bahari. Mchu unavumilia hata kwenye chumvi kali. Sasa watu wanakuja na fulana mpya na kamera, wanachomeka miche ya mkoko popote penye tope, wanapiga picha, wanakula kona. Baada ya muda miche imekufa. Mzee anawaambia wanafunzi wake, "Kabla hujapanda, jiulize kwa nini hapa haijaota yenyewe." Hilo swali ndilo binti amelifanya utafiti wake.

Na si mchezo. Humo ndimo watoto wa samaki na kamba wanamojificha, wale ambao wewe unawasubiri wakue wakaangwe Feri. Mikoko inapunguza nguvu ya mawimbi, na tope lake linatunza kaboni nyingi. Kule Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji walianza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanalinda hekta 117, wanauza hati za hewa ya ukaa, pesa inakwenda kwenye maji na shule. Nyuma ya mradi ule kuna utafiti wa miaka mingi, na mtu kama Dk. James Kairo wa Kenya, ambaye wanafunzi kibao wamepitia mikononi mwake kwenye tope lile lile.

Tulipopumzika tukala mihogo. Nikamuuliza shemeji yangu, hivi huyu mzee umempata wapi? Akacheka kidogo, halafu akanyamaza. Ndipo akafunguka.

"Shemeji, huyu si wa kwanza. Wa kwanza alikaa na kazi yangu miezi minane. Nikienda kuulizia, ukurasa wa kwanza haujaguswa. Siku moja akaniambia mambo ya kitaaluma hayazungumzwi ofisini, twende tukale chakula cha usiku. Nikakataa. Kazi ikaendelea kulala. Nilibaki kidogo niache chuo, nikauze duka la dada."

Chuo nakibania, na jina la huyo bwana nalibania. Nikamuuliza kwa nini hakushitaki. Akamtazama mchumba wake, si mimi. "Nani angeniamini? Mtaani nimeshaitwa mchuna buzi kwa kupewa lifti tu."

Jamaa akawa anachora kwenye mchanga kwa kijiti. Na mimi muhogo ukanikwama, maana pale kijiweni nami nilikuwa nacheka.

Akatoa karatasi zake kwenye mkoba wa plastiki. Wino mwekundu mwanzo mwisho, kama zimechinjiwa kuku. "Huyu mzee amenirudishia hii sura mara sita. Mara ya kwanza nililia. Siku hizi akinirudishia haina wino mwingi, nahisi anaumwa."

Hapo nikakumbuka magereji. Kuna fundi anayekutuma maji ya kunywa na spana miaka mitatu, injini huijui. Na kuna anayefungua injini akakwambia, tia mkono. Vyuoni nako ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wewe unayeingia kwenye mambo ya bahari, au masomo yoyote, sikiliza alichonieleza shemeji. Msimamizi wa kweli anasoma kazi yako na kuirudisha. Anakupeleka kwa mzee wa wavuvi, mnasalimia kwanza, kupima baadaye. Kazi uliyoifanya wewe ikichapishwa, jina lako linatangulia. Anakuonyesha ruzuku zinaombwa wapi, kama kwa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar. Na anakutana nawe mchana, mbele ya wenzako.

Anayekwambia bahari si kazi ya kike, mtajie Dk. Flower Msuya. Miaka na miaka yuko na akina mama wakulima wa mwani wa Zanzibar, na maji yalipozidi joto na mwani ule wa bei nzuri kuanza kufa, alikuwa nao kujaribu kuulima kwenye kina kirefu.

Na anayekuitia chakula cha usiku ili asome kazi yako, huyo ana jina kisheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema kutumia madaraka kudai ngono ni kosa. TAKUKURU namba yao ni 113, kupiga ni bure.

Sasa nirudi kwetu sisi wa kijiweni. Msimamizi mbaya hana haja ya kujificha, sisi tunamfichia. Binti akionekana na mzee anayemfundisha, tunamchafua. Siku akikutana na mzee anayemharibia, atafungua mdomo vipi, na sisi tulishamhukumu tangu zamani? Nimemwambia hivyo yule mama muuza maandazi. Amenuna, na mkopo wa maandazi umekatwa. Potelea mbali.

Mshikaji wangu naye hajaomba msamaha kwa maneno. Wanaume wa Kariakoo mnawajua. Ila juzi nimemkuta kabandika ukutani, juu ya meza ya kutengenezea simu, jedwali la maji kupwa na kujaa. Nikamuuliza la nini? Akasema ndugu wanataka kupanga tarehe ya harusi, na yeye hataki iangukie siku za bamvua, bibi harusi atakuwa kazini.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mwenye viatu namba 42 visivyo na kazi, anitafute.