Kitako cha mbao si ushamba: acheni kuuza ng'ombe kwa bunduki ya kujionyesha

Hapa mmezoea alizeti, mtama na chanjo ya kideri. Leo naandika kuhusu bunduki, na najua wapo watakaosema afisa ugani ameacha kazi yake. Hajaacha. Mfugaji akitoa ng'ombe zizini ili anunue kitu, hilo ni jambo la ugani. Na huku kwetu, hasa Manyoni na Itigi, wapo watu wenye sifa zote za kisheria, wanaotaka kuwinda kwa leseni ya mwenyeji kupitia TAWA na afisa wanyamapori wa wilaya, na wanatoa ng'ombe wengi kuliko inavyohitajika kwa sababu wameshauriwa vibaya.

Ushauri wenyewe mmeusikia. Unatolewa na watu wa mjini wenye magari mazuri: "Ukinunua, nunua .375. Kitako kiwe cheusi cha plastiki. Darubini iwe ndefu kama chupa ya soda. Ya mbao ni ya wazee." Mimi nasema nunua ya mbao, iliyotumika, ya bolti, ya risasi ya kawaida kama .30-06, na ng'ombe waliobaki warudi malishoni. Nikisema bunduki ya bolti namaanisha ile ambayo ukishafyatua unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma ganda litoke, unasukuma mbele risasi nyingine iingie. Haina mambo mengi, na ndiyo sababu inadumu.

Nianze na mbao, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Sifa kubwa ya plastiki ni moja: mvua ikinyesha haivimbi. Mbao ikinywa maji inaweza kujipinda, ikausukuma mtutu, na risasi ikahama pale ulipokuwa umeiweka shabaha. Ni kweli kabisa. Lakini jiulize, unawinda wapi na lini? Msimu unafunguliwa Julai. Singida Julai, Agosti, Septemba na Oktoba ni vumbi na upepo, tone la mvua huoni. Mvua zetu zinaanza kuelekea mwisho wa Novemba au Desemba. Kwa hiyo unalipa pesa ya ziada kujikinga na mvua ambayo haipo. Kinachotusumbua sisi ni ukavu. Mbao husinyaa kidogo na skrubu zinazoshika chuma na kitako hulegea. Dawa yake ni bisibisi inayoingia sawasawa, kabla ya msimu na katikati yake.

Halafu kuna suala la kuvunjika. Kitako kinapasuka kwenye shingo, pale unaposhika kwa mkono wa kulia, hasa bunduki ikianguka kwenye pikipiki. Cha plastiki kikipasuka hapo, unaagiza kingine kutoka mbali na msimu unakwisha ukiwa unasubiri. Cha mbao kinaungwa, na kikishindikana kinachongwa upya. Na sisi ndio watu wa mninga! Misitu ya miombo ya Manyoni inao, na mninga unasifika kwa sababu ukishakauka vizuri hausinyai wala kujipinda hovyo. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza mtengeneza bunduki anayotafuta kwenye ubao. Ila tuelewane: seremala anachonga mbao iliyovunwa kwa kibali, na kazi ya chuma inabaki kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Usimpelekee fundi baiskeli.

Sasa ukubwa wa risasi. Hapa ndipo ng'ombe wengi wanapopotelea. Kwa nyati, simba na tembo .375 ndicho kiwango cha chini, na kwa wanyama hao sibishani. Lakini angalia leseni unayoomba wewe. Swala pala, ngiri, kongoni, pengine pofu mwaka ukikubali. Kwa wanyama hao .30-06 yenye risasi nzuri ya gramu 11.7, ambayo kwenye boksi imeandikwa 180, inatosha, hata kwa pofu dume ambaye anaweza kufika kilo 900, mradi uko karibu na umepiga mahali panapostahili. Zipo pia .270 na 7x57, nazo ni nzuri kama una uhakika wa kupata risasi zake. Huo uhakika ndio uulizie kwanza, kabla hata ya kuulizia bunduki. Nenda kwa muuza risasi mwenye leseni, tazama rafu yake ina nini mwaka hadi mwaka, ndipo uchague bunduki inayokula kilichopo. Wapo waliofanya kinyume, na bunduki zao sasa zinakaa sandukuni bila kazi.

Anayekuuzia .375 hakuambii habari ya bega lako. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya la .30-06. Mtu ambaye hakukua na bunduki, akipigwa teke hilo mara tatu, mara ya nne anafumba macho kabla ya kufyatua. Hapo ndipo mnyama anapopigwa tumbo au mguu. Na kwa kuwa risasi zake ni ghali zaidi, hafanyi mazoezi. Basi unamkuta mtu ana bunduki ya nyati, anashindwa kumpata ngiri. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja kule Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliangusha tembo kwa mamia akitumia 7x57, risasi ambayo wataalamu wetu wa mjini wangeicheka. Sisemi mkamwige, leo hiyo ni jela, na ni haki iwe jela. Nasema alijua moyo na ubongo viko wapi, akafika karibu, akatulia.

Kufika karibu. Jamani, tazameni vichaka vya Itigi. Miti mifupi imeshonana kama ukuta, hata mbuzi wako akiingia humwoni hatua chache mbele. Humo darubini ya kuvuta mita 400 utaona nini? Jani moja kubwa. Hata kwenye miombo iliyo wazi, mwindaji wa kweli anapiga chini ya mita 100. Wahadzabe wa Munguli, hapo Mkalama, wanawinda kwa upinde kwa sababu wanajua kujisogeza, kusoma upepo na kungoja. Kwetu darubini ndogo isiyovuta sana, au hata vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki yenyewe, ni kazi tosha. Pesa ya darubini kubwa igeuze iwe risasi za mazoezi kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa.

Jambo hili lina uzito kuliko mfuko wako. Risasi ya .30-06 iliyomkosa mnyama inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Ndani ya kilomita hizo kuna mrina asali juu ya mti, kuna kijana na mifugo, kuna akina mama wanaotafuta kuni. Wote hawajui kama upo. Mtu anayepiga mbali, kichakani, kwa bunduki anayoiogopa, anacheza na watu hao.

Najua upande wa pili nao wananisubiri, wale wa gobore. "Afisa, mbona babu aliwinda na gobore na tulikula?" Mlikula, ndiyo. Waliokimbia na gololi mwilini wakafia porini hamkuwahesabu. Mnyama aliyejeruhiwa sheria inakutaka umfuate ummalize, na kwa gobore unamfuata ukiwa na mtutu mtupu unaohitaji kushindiliwa upya. Na yale yanayotengenezwa kwa bomba la maji ni haramu, tena siku moja linapasukia usoni mwa mwenyewe. Baruti nyeusi ilishashindwa zamani. Askari wa Mjerumani, huyu huyu aliyekuwa na boma pale Kilimatinde, walipopigana Tanga Novemba 1914 kampuni zao nyingi zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871. Kila wakipiga, wingu la moshi linaonyesha walipo. Wakati huo Mauser ya bolti ya mwaka 1898 ilikuwa imeshatengenezwa kwa miaka mingi. Mwenye gobore lisilo na kibali alisalimishe. Serikali imeshatangaza vipindi vya msamaha zaidi ya mara moja.

Muundo huo wa 1898 ndio ninaotaka uutafute. BRNO ZKK 600 ya Czechoslovakia, ndugu yake mdogo CZ 550, Zastava M70 ya Serbia: zote zinapatikana zenye kitako cha mbao, na zote zimetokana na Mauser. Zina kucha ndefu inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini hadi linapotupwa nje, hata vumbi likiwa jingi. Si nzuri za kupigia picha. BRNO iliyotunzwa ya miaka 40 naichukua kabla ya mpya ya bei rahisi yenye plastiki nyepesi, ambayo ukiibana kwa mkono sehemu ya mbele unaiona inapinda na kugusa mtutu.

Ukipelekwa kuangalia iliyotumika, usianze na kung'aa kwa mbao. Hakikisha haina risasi, toa bolti, tazama ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga. Mifuo iwe na kingo zinazoonekana. Ukiona vishimo vya kutu, hasa karibu na chemba, acha. Gusa mdomo wa mtutu kwa kidole, usiwe na pengo wala alama ya kugongwa. Tazama shingo ya kitako na nyuma ya chuma kama kuna ufa mwembamba uliojazwa gundi. Rudisha bolti, weka kifungio cha usalama, vuta kifyatulio, kisha achia kifungio. Kama nyundo inaanguka yenyewe, hiyo ni bunduki ya kuua jirani. Halafu fundi mwenye leseni apime chemba kabla hujatoa hata shilingi.

Nyumbani, mbao ipake mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa kitambaa, kisha nta ya nyuki, ambayo Manyoni hatuna haja ya kuagiza. Lakini tafadhali sana, mafuta ya alizeti yasiguse bolti. Najua yapo kila nyumba. Alizeti ikikaa kwenye chuma inaganda kuwa gundi, inakamata vumbi la Agosti, na siku ya kuwinda bolti inagoma. Tumia mafuta ya bunduki, tone moja, na ufute.

Wengine mnataka bunduki kwa ajili ya tembo wanaoingia shambani. Hiyo haihusiani na haya niliyoandika. Tembo ukimpiga kwa .30-06 umemjeruhi, atarudi kwa jirani yako, na wewe utaenda mahakamani. Toa taarifa kijijini na TAWA mapema, na madai ya kifuta jasho yaandikwe wakati uharibifu bado unaonekana.

Kuhusu karatasi: maombi ya kumiliki yanaanzia serikali ya kijiji, yanapita kamati za ulinzi na usalama hadi polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kibali ni cha mtu mmoja. Bunduki haiazimwi, hairithiwi kimyakimya. Mmiliki akifariki inakabidhiwa polisi wakati warithi wanaomba. Na namba iliyogongwa kwenye chuma lazima ilingane na iliyo kwenye kitabu cha muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Muuzaji akikwambia chukua kwanza, karatasi zitafuata, rudi nyumbani na pesa yako siku hiyo hiyo.