Pikipiki iliyosumbua Jumapili isimbebe mtoto Jumatatu

Ukimwita bodaboda saa 12:30 asubuhi ampeleke mtoto shule, unamuuliza nini? Wengi tunauliza bei. Wachache wanauliza kama ana kofia ya ziada. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza: jana pikipiki yako iliamkaje?

Swali hili limenijia baada ya kuzungumza na kijana mmoja wa Somanda, hapa Bariadi. Siku za wiki anaendesha bodaboda, Jumapili jioni anashindana mbio na wenzake kwa kujifurahisha. Wiki aliyonisimulia haikuwa yake. Ijumaa pikipiki ilianza kukohoa na kuzimika njiani. Fundi akasafisha kabureta na kubadilisha plagi. Jumamosi iliwaka vizuri, lakini ilipofika mchana mnyororo ukawa unachomoka, maana meno ya spoketi yalikuwa yamelika. Fundi akaukaza na kumwambia anunue seti mpya. Hela haikuwepo. Jumapili akaenda kwenye mbio hivyo hivyo. Mnyororo ukachomoka kabla hajafika mwisho, na alipokanyaga breki ya nyuma akakuta inashika kwa mbali sana. Akaikokota hadi nyumbani huku wenzake wakimtania.

Jumatatu saa 12:30 alikuwa barabarani na pikipiki ileile, amepakia wanafunzi wawili.

Kabla hujamhukumu, fahamu hesabu yake. Pikipiki si yake. Kila jioni anatakiwa kumpelekea bosi hesabu ya siku, iwe mvua, iwe jua, iwe imeharibika au haikuharibika. Siku anayokaa gereji ni siku ya deni. Kwa hiyo spea inasubiri, abiria hasubiri.

Sasa linganisha na mashindano rasmi ya pikipiki, yale ya Busika na Garuga nchini Uganda au Jamhuri jijini Nairobi. Huko hata watoto wanashindana, kwenye pikipiki ndogo za cc 50, 65 na 85. Mtoto anavaa kofia inayomkaa, kinga ya kifua, glavu na buti. Pikipiki inakaguliwa kabla ya mbio, na ikikutwa na hitilafu ya hatari haianzi. Mshindani anaweza kupoteza siku nzima kwa sababu ya breki. Anarudi nyumbani amenuna, lakini amerudi mzima.

Mtoto wako anayekwenda shule hana kinga ya kifua, na njia yake ina malori, bajaji na ng'ombe. Hakuna mkaguzi anayesimama mlangoni kwako kila asubuhi. Kazi hiyo imebaki kwako.

Mnyororo na afya vinahusianaje?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Breki ikichelewa kushika kwa sekunde moja tu, umeshapita upana wa barabara yote ya mtaani.

Mtoto akirushwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachopata shida, kwa kuwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Jeraha kubwa la kichwa linaweza kumaanisha rufaa hadi Bugando, Mwanza. Mzazi mmoja anaacha biashara au shamba akakae hospitali, mwingine anabaki na wadogo, na shule inasimama. Bei ya seti ya mnyororo inaonekana ndogo ghafla.

Mazingira yetu nayo yanachangia. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unaganda kwenye magurudumu na mnyororo. Maji yakiingia kwenye breki za ngoma, zile za breki shuu, nguvu yake inapungua mpaka zikauke. Masika ndiyo majira ya kukagua zaidi.

Ukaguzi wa dakika mbili

Huhitaji kuwa fundi. Fanya hivi kabla mtoto hajapanda:

Breki. Mwombe dereva abane breki ya mbele, kisha asukume pikipiki. Isisogee. Arudie kwa ya nyuma. Wapo madereva wanaoiogopa breki ya mbele au wameiacha ikafa, ilhali ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha pikipiki.

Mnyororo. Usiwe umelegea ukining'inia. Ukichomoka kwenye mwendo unaweza kukwama na kulifunga gurudumu la nyuma.

Tairi. Mistari iwe inaonekana. Tairi lililoisha kama kiganja halishiki kwenye tope.

Kofia. Iwe ya saizi ya mtoto. Ifunge, kisha mwambie atikise kichwa: ikicheza, itavuka siku anayoihitaji. Mapitio ya tafiti mbalimbali yameonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42 kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali.

Miguu. Ifike kwenye vikanyagio. Kama haifiki, huyo bado ni mdogo kwa pikipiki. Kanuni zetu zinakataza bodaboda kubeba abiria mtoto aliye chini ya miaka 9. Kumweka mbele kwenye tangi, au kuwapakia mishikaki na kaka yake, si ufumbuzi.

Jambo jingine ni bomba la moshi, ambalo linaunguza ndama za watoto wengi wakati wa kushuka. Mfundishe ashukie upande usio na bomba. Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Lengelenge likitokea usilitumbue. Mpeleke kituo cha afya.

Kama dereva ni mwanao

Kila msimu wa kuuza pamba kuna nyumba zinazomnunulia kijana pikipiki ili ajitegemee. Ni jambo jema. Lakini bajeti isiishie kwenye pikipiki. Weka humo kofia mbili, mafunzo, leseni na akiba ya spea, kwa sababu breki shuu, tairi na mnyororo vitaisha tu. Na kama anapenda mbio za Jumapili, zungumza naye waziwazi. Ukimfokea ataendelea kwa kujificha. Mwulize pikipiki ilimsumbua wapi, kisha mwambie kwamba barabara ya lami ya kwenda Lamadi au Maswa si uwanja wa mashindano, na kwamba chombo kilichochoshwa kwenye mbio hakipakii mtoto wa mtu kesho yake kabla fundi hajakigusa.

Mpe dereva nafasi ya kusema ukweli

Ukaguzi wote huu unaweza kushindwa kama dereva anaogopa kukosa hela. Wazazi watatu au wanne mnaomtumia kijana mmoja mnaweza kukubaliana naye malipo ya mwezi, kila mtoto kwa safari yake. Muwekeane sharti moja: pikipiki ikiwa na hitilafu, apige simu mapema, na malipo ya siku hiyo hayakatwi. Kwenu ni fedha kidogo. Kwake ni ruhusa ya kwenda gereji bila kupata hasara.

Andaeni pia mpango wa siku hiyo: nani atawasindikiza watoto kwa miguu, na nani atamjulisha mwalimu kwamba watachelewa. Mtoto aliyechelewa kipindi cha kwanza anaweza kunakili daftari la mwenzake.

Kwa hiyo siku simu italia saa 12 asubuhi, na kijana akakwambia leo haji kwa sababu breki haishiki, usimgombeze wala usikimbilie kutafuta mwingine wa haraka. Mshukuru.