‘Him’: picha kali, stori nyepesi

Filamu ya ‘Him’, iliyotoka Marekani Septemba 2025 chini ya kampuni ya Jordan Peele, inavutia macho balaa. Wachezaji wakigongana vichwa, kamera inapenya hadi kwenye mifupa. Lakini wahakiki wengi waliiponda, nasi tunaungana nao.

Kijana Cameron Cade anaumizwa kichwa, kisha anakwenda kunolewa na staa mkongwe Isaiah White (Marlon Wayans) huko jangwani. Anachomwa sindano, anaongezewa damu. Baada ya hapo ni rangi, muziki na mashetani. Mchezo wenyewe karibu haupo.

Mtu wa Mbagala au Tandale akiitazama kwenye kibanda umiza hatashtuka. Kamati ya ufundi anaijua. Aprili 2022 Simba walionekana wakiwasha moto katikati ya Uwanja wa Orlando kabla ya kucheza na Pirates, na bado wakatolewa kwa penalti 4-3. (Yanga msicheke, mna yenu.)

Kinachotisha kweli filamu inakigusa mwanzoni tu: baba anamwonyesha mwanawe mchezaji aliyevunjika vibaya na kumwambia huo ndio uanaume. Pale ndipo ilitakiwa ikae. Dogo wa mchangani Tandika ana goti limevimba, anaambiwa “kaza, funga bandeji, uingie”, na kesho akishindwa kutembea hakuna anayepiga hodi kwao.

Bongo Muvi, stori hiyo bado haina mwenyewe. Na haihitaji taa nyekundu.