Mshale haujui jua

Ndugu mfanyakazi, chupa ya oksijeni ya lita 10 ikionyesha bari 60, hesabu yake ni nyepesi: 10 mara 60, lita 600 za hewa. Mgonjwa anayepewa lita 5 kwa dakika atavuta saa 2. Hesabu hii tunaifanya wote, katika atelie na katika dispanseri. Ni nzuri, ila inasahau joto.

Gazi lililofungwa ndani ya chuma likipata joto halina pa kwenda, linasukuma zaidi. Mshale wa manometri unapanda, na hewa haikuongezeka hata kidogo. Ukianzia nyuzi 20 za alfajiri, kila nyuzi 3 hupandisha mshale karibu sehemu 1 katika 100. Chupa iliyolazwa nyuma ya gari juani yaweza kufika nyuzi 45. Zile bari 60 ulizosoma saa sita mchana, kwa ubaridi wa asubuhi ni kama 55 tu: lita 550. Dakika 10 hazimo. Anayeijua njia ya Salamabila kuja Kasongo wakati wa mvua, gari likiwa topeni na mtoto wa mwenzako ndani, hahitaji kuelezwa dakika 10 ni nini.

Kwa hiyo mimi nasema chupa isomwe alfajiri, kivulini, na anayeisoma aandike kwa chaki bari na tarehe. Wakubwa wengine wa kazi watasema huo ni upotezaji wa wakati. Waache waseme. Tena usihesabu mpaka sifuri: toa bari 10 kwanza, ndipo upige hesabu ya safari.

(Na mkono wenye mafuta usiguse vali ya oksijeni. Huwaka.)

Asetileni ya kuchomelea haifuati hesabu hii. Imeyeyushwa ndani ya asetoni, na mshale wake hauwezi kukupa kipimo cha kweli. Wala usiilaze chupa yake wakati wa kazi. Gazi la kupikia nalo, mama wa nyumbani, ni maji ndani ya chupa: nguvu yake hubaki karibu ileile mpaka maji yaishe, kisha moto unazimika ghafula. Hizo mbili pima uzito, kisha utoe uzito wa chupa tupu uliogongwa kwenye chuma. Mizani ya magunia ya mpunga inafaa.